Pambizo la kushoto: namna ya kutengeneza picha za vifaa mchanganyiko hadi mkono wako ujitokeze

Picha yangu ya kwanza ilikauka usiku, na asubuhi niliikuta mezani imejipinda kama ungo. Nilikuwa nimebandika vipande 12 vya karatasi juu ya kadibodi, nikavipitishia rangi, nikaenda kulala najisifu. Niliilaza chini ya mafaili mazito wiki nzima. Nilipoyaondoa, ilijiinua tena taratibu mbele ya macho yangu, kama mtu aliyeamshwa mapema.

Sababu yake niliijua baadaye. Karatasi ikilowa gundi hutanuka, na ikikauka husinyaa. Ikisinyaa, huvuta kile ilichobandikwa juu yake. Upande mmoja ukivuta na wa pili usijibu, kadibodi humfuata anayevuta. Dawa ni kubandika nyuma karatasi ya unene uleule, kwa gundi ileile. Pande mbili zikivutana sawasawa, kadibodi hubaki bapa. Tangu siku hiyo sianzi picha bila kuushughulikia mgongo wake kwanza, na mgongo huo ulikuja kunifaa kwa jambo jingine ambalo nitalifikia.

Nilikuwa karani wa masjala kwa miaka 31. Barua inaingia, naigonga muhuri wa tarehe, naipa namba, naiweka kwenye faili lake, na mtu akiitaka miaka tisa baadaye naijua ilipo. Nilipostaafu nilibeba nyumbani boksi moja la vitu vilivyokuwa vinakwenda kuchomwa: fomu zilizopitwa na wakati, karatasi za kaboni, bahasha za kaki, mihuri ya mpira ambayo mwaka wake wa mwisho ulikuwa umeshapita. Sikuwa na nia yoyote ya sanaa. Niliona uchungu tu.

Picha ya vifaa mchanganyiko ni picha ambayo ndani yake vimekutana vifaa vya aina zaidi ya moja: karatasi iliyobandikwa na rangi, rangi na uzi, mkaa na picha ya kamera. Mwaka 1912 mchoraji Pablo Picasso alibandika kwenye picha yake ya rangi za mafuta kipande cha kitambaa kilichochapwa mfano wa msuko wa kiti, kisha akaizungushia kamba halisi badala ya fremu. Mwaka huohuo Georges Braque akaanza kubandika karatasi za ukutani zenye mfano wa mbao kwenye michoro yake ya mkaa. Lakini ndugu yangu hasa katika kazi hii ni Mjerumani Kurt Schwitters, aliyekuwa akiokota tiketi za tramu, bahasha na vipande vya magazeti. Kazi zake aliziita Merz, silabi aliyoikata kutoka neno Kommerz kwenye tangazo la benki. Nilipoziona kwa mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Huyu alikuwa anaendesha masjala ya takataka.

Mezani

Usinunue seti kubwa. Seti kubwa hukufanya ujaribu kila kitu mara moja, na usijue chochote vizuri.

Unahitaji kitu kigumu cha kubandikia: plaibodi nyembamba, kadibodi nzito, au karatasi ya rangi za maji ya gramu 300 kwa mita ya mraba. Unahitaji gundi. Gundi nyeupe ya maji inatosha kuanzia, maana hukauka ikawa angavu. Jeli ya akriliki isiyong'aa ni bora zaidi, kwa sababu inabandika, inakinga, na rangi hushika vizuri juu yake. Gundi ya kijiti iache kwa bahasha, kingo zake hubanduka. Rangi za akriliki chukua tatu, kisha ongeza nyeupe na nyeusi. Brashi pana mbili, moja ya gundi na moja ya rangi, na kopo la maji ambalo brashi hizo zitakaa humo kila unapozitua. Akriliki ikikauka ni plastiki, na maji hayaiyeyushi tena. Nimezika brashi sita kabla jambo hilo halijaniingia kichwani.

Ongeza mkasi, kisu cha karatasi, rula ya chuma, msasa laini, kitambaa kikuukuu, kadi ya plastiki iliyokwisha muda wake, na karatasi ya kuokea, ile ambayo gundi haiishiki. Basi.

Karatasi za kuchukua na za kukataa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiyo kazi ninayoifahamu.

Mwanzoni nilipanga vipande vyangu kama karani: maua huku, nyuso kule, herufi, ramani, majengo. Ilikuwa mipangilio safi na haikunisaidia kitu. Ukiwa katikati ya picha huulizi ua liko wapi. Unauliza: nitapata wapi kipande cheusi cha ukubwa wa kiganja? Kwa hiyo nikavunja mafaili yote nikayapanga upya kwa mwanga na giza. Sasa nina trei nne: giza, kati, mwanga, na ya nne ya maandishi, kwa sababu maandishi madogo yakitazamwa kwa mbali huwa kijivu, na kijivu hicho ni kizuri kuliko chochote nitakachochanganya mwenyewe. Ukikosa hakika kipande kiende trei gani, kipige picha kwa simu kisha uigeuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Nyekundu na kijani, ambazo macho yako yanaapa kwamba ni mbali kama mbingu na ardhi, mara nyingi hutokea kuwa kijivu kimoja.

Gazeti nalikataa. Karatasi yake hutengenezwa kwa mbao iliyosagwa pamoja na ligini yake, yaani kile kinachoshikanisha nyuzi za mti, na ligini ikikutana na mwanga na hewa hugeuka njano, kisha kahawia. Ukilipenda gazeti, lipige fotokopi kwenye karatasi nzuri, ubandike fotokopi. Risiti za mashine nazo nazikataa: maandishi yake hayana wino, ni karatasi yenyewe iliyogeuka rangi kwa joto, nayo hufifia. Nina picha moja iliyokuwa na risiti saba, na leo ina vipande saba vyeupe.

Kilichochapwa kwa printa ya wino kipime kwanza. Lowesha kidole, kiguse kona, futa. Rangi ikitoka kidoleni itatoka pia kwenye gundi na kuchafua majirani. Fotokopi na printa ya leza hazina tatizo hilo, kwa sababu unga wake ni wa plastiki iliyoyeyushwa juu ya karatasi. Picha za familia usikate asili. Na picha za majarida zina wenyewe: kwa mazoezi ya nyumbani zinafaa, lakini kazi unayotaka kuiuza ijenge kwa picha ulizopiga mwenyewe, au kwa vipande vilivyokatwa hadi visitambulike.

Kuchana na kukata ni lugha mbili. Mkasi unasema hapa ndipo mwisho. Karatasi iliyochanwa inasitasita. Ukichana karatasi iliyochapwa rangi upande mmoja, kipande kimoja hubaki na ukingo mweupe na kingine kwa kawaida hakina. Jaribu kuchana kuja kwako na kwenda mbali nawe hadi ujue ni kipi kinakwenda wapi, maana ukingo huo mweupe ni mstari, na mstari usioukusudia utakusumbua. Utagundua pia kwamba karatasi huchanika kwa unyoofu upande mmoja na hupotea njia upande wa pili. Ni nyuzi zake, na huwezi kubishana nazo.

Tabaka kwa tabaka

Siku ya kwanza ni ya ubao tu. Bandika karatasi ya nyuma, kisha paka mbele tabaka moja la jeso (rangi nyeupe ya kutayarishia ubao) au akriliki nyeupe, uache ikauke kabisa.

Siku ya pili panga vipande bila gundi. Tafuta kimoja kikubwa kinachotawala, kimoja cha kati kinachobishana nacho, na vichache vidogo. Vipande vyote vikilingana ukubwa, jicho halijui pa kuingilia. Piga picha, vuruga, panga tena, piga tena. Mimi hufika mpangilio wa tano au wa sita, na mara nyingi narudi wa tatu.

Ukishaamua, paka gundi pande zote mbili, ubao na kipande. Karatasi nyembamba sana usiipake, itachanika mkononi. Paka ubao, kisha ilaze juu ya unyevu. Anza katikati ukisukuma kwenda nje kwa kadi ya plastiki, huku umeweka karatasi ya kuokea katikati ya kadi na picha. Kiputo kikibaki, kitoboe kwa sindano ukibonyeze. Kisha picha iingie kati ya karatasi mbili za kuokea, vitabu juu, hadi kesho. Kuna siku nilisahau karatasi ya kuokea, na kitabu kimoja nilichokuwa nakipenda kikageuka kuwa sehemu ya kazi hiyo milele.

Inayofuata ndiyo hatua ambayo anayeanza huiogopa, na picha nyingi hufia mbele yake: kufunika. Vipande vilivyotoka sehemu tano bado ni wageni watano waliokaa benchi moja. Chukua rangi moja, ilainishe kwa maji kidogo na jeli, ipitishe juu ya karibu nusu ya picha, pamoja na vipande unavyovipenda. Kabla haijakauka, futa kwa kitambaa kikavu hapa na pale. Rangi itabaki kwenye mikunjo na kingo, itaondoka palipo laini, na ghafla vitu hivyo vitakuwa na hewa moja. Utaumia kuona kipande kizuri kikizama. Kizamishe hata hivyo. Kipande kizuri kuliko picha ni mgeni anayeongea peke yake sebuleni.

Baada ya kuongeza, punguza. Rangi ikiwa bado mbichi, ikwangue kwa njiti au kitana. Ikikauka, ipige msasa hadi tabaka la chini lichungulie. Bandua nusu ya kipande ulichobandika jana, ubaki na kovu lake. Mimi nilikuwa mwoga wa hatua hii kuliko zote. Masjala haifuti kitu, na karani aliyechana ukurasa alikuwa na barua ya kujieleza ya kuandika. Mkono wangu ulichukua mwaka mzima kuamini kwamba hapa hakuna mkaguzi.

Mistari ndiyo huja mwisho: penseli, wino, mihuri, uzi uliopitishwa kwa sindano.

Kuna sheria moja ya mpangilio ambayo haina msamaha: mafuta yakae juu ya maji, maji yasikae juu ya mafuta. Rangi ya mafuta au pasteli ya mafuta (vijiti laini vya rangi) inaweza kulala juu ya akriliki iliyokauka. Akriliki juu ya mafuta haishiki. Nilichora kwa pasteli ya mafuta, nikapaka akriliki juu, ikapendeza. Baada ya miezi miwili niliinua ukucha na tabaka zima likatoka kama ganda. Pasteli hizo hazikauki hasa, kwa hiyo ziwe za mwisho kabisa, na picha iende nyuma ya kioo kisichoigusa. Mkaa nao una kero yake. Ukipaka nyeupe juu ya mkaa ambao haujashikizwa, utapata kijivu cha maji machafu. Upulize dawa ya kushikiza michoro, dirisha likiwa wazi, usubiri ukauke.

Kuhamisha picha bila karatasi yake

Mbinu hii ndiyo inayoulizwa zaidi na kila anayetembelea meza yangu, kwa hiyo niieleze kwa utaratibu. Chapa picha kwa fotokopi au printa ya leza, ikiwa imegeuzwa kama kwenye kioo. Paka jeli ya akriliki kwenye ubao, tabaka linaloonekana lakini lisilotiririka. Laza picha kifudifudi, isukume hewa kwa kadi, acha usiku kucha. Kesho yake lowesha mgongo wa karatasi kwa sponji, subiri dakika chache, kisha sugua kwa ncha ya kidole kwa miduara midogo. Karatasi itatoka kama vijiuzi vya kifutio, na picha itabaki ndani ya jeli. Ikikauka utaona ukungu mweupe, yaani nyuzi zilizobaki. Lowesha, sugua tena, mara mbili au tatu, bila pupa. Ukungu wa mwisho hupotea ukipaka jeli nyembamba juu.

Mara yangu ya kwanza nilisahau kuigeuza. Ilikuwa fomu ya maombi ya likizo, na maandishi yote yakatoka kinyumenyume. Nilikaribia kuitupa. Kisha nikaona kwamba hivyo ndivyo fomu ile ilivyokuwa siku zote machoni pa muombaji, na nikaiacha.

Picha 20 ndogo

Sasa suala la mtindo. Nilipoanza niliambiwa nitafute mtindo wangu, kana kwamba ulipotea sokoni. Nilizunguka miezi kadhaa nikijaribu kuwa mtu fulani: wiki hii mtu wa rangi kali, wiki ijayo mtu wa mistari myembamba. Kilichonisaidia ni zoezi moja kavu, linalofanana na kazi ya ofisini, ambalo nakushauri ulifanye kabla ya kusoma ushauri mwingine wowote.

Kata kadibodi 20 za sentimita 10 kwa 15. Chagua rangi tatu na nyeupe, karatasi kutoka boksi moja, chombo kimoja cha kuchorea mistari. Usibadilishe chochote kati ya hivyo hadi umalize zote 20. Usichague mada. Tengeneza moja au mbili kwa siku, na kila ikikauka igeuze kifudifudi uiweke kwenye rundo. Usizitazame.

Mipaka hii inakera, na ndivyo inavyotakiwa iwe. Mchoraji Mfaransa Henri Matisse, baada ya upasuaji mkubwa mwaka 1941, hakuweza tena kusimama muda mrefu mbele ya turubai. Akashika mkasi na karatasi zilizopakwa guashi, rangi nzito ya maji, na kwa vitu hivyo viwili akafanya kazi hadi mwisho wa maisha yake. Ukinyimwa njia nyingi, namna yako ya kutembea huonekana.

Zikifika 20, zitandaze zote sakafuni. Simama juu ya kiti. Chukua karatasi na kalamu uhesabu. Uzito wa giza umekaa wapi: juu, chini, pembeni? Umbo gani limerudi bila kuitwa? Kingo zako zimechanwa au zimekatwa? Umeacha nafasi tupu, au umejaza hadi kona? Mistari inakwenda upande gani? Na ni nini ambacho hukukigusa kabisa, ingawa kilikuwepo ndani ya boksi? Usiandike "nzuri" wala "mbaya". Andika idadi.

Mimi nilihesabu nikaona rangi ya udongo imerudi mara nyingi, na mistari ya mlalo. Nikaridhika. Siku hiyo mpwa wangu alikuja kunisalimia, akasimama mlangoni kwa sababu hapakuwa na pa kukanyaga.

"Mjomba," akasema, "umezipigia pambizo zote?"

Nikamwambia hakuna pambizo hapo, ni picha hizo. Akachuchumaa, akaweka vidole viwili kwenye ukingo wa kushoto wa picha ya kwanza, akavihamishia ya pili, ya tatu. Vilikaa palepale. Picha 17 kati ya 20 zilikuwa na ukanda mtupu upande wa kushoto, upana wa vidole viwili, ambao hakuna kipande wala mstari uliothubutu kuuvuka. Kwa miaka 31 pambizo la kushoto lilikuwa la namba ya faili, na hakuna aliyeandika humo isipokuwa masjala. Nilikuwa nimestaafu, lakini mkono ulikuwa bado uko kazini.

Niliona aibu. Nilidhani sanaa ndiyo ingenitoa ofisini. Kwa hiyo picha kumi zilizofuata nilijikataza pambizo: nikajaza hadi ukingo, kwa makusudi, kwa hasira kidogo. Ninazo bado. Hazina kosa, na sipendi kuzitazama. Zinanikumbusha barua alizoandika mtu mwingine mimi nikaweka sahihi tu.

Ukikuta kinachorudi, usikikumbatie haraka na usikifukuze. Kifanyie majaribio. Mimi nilitengeneza picha tano: moja pambizo likiwa nusu nzima ya picha, moja likiwa jeusi badala ya tupu, moja kitu kimoja tu kikilivuka, moja limehamia kulia, na moja limefichwa chini ya rangi kiasi kwamba ninayejua lipo ni mimi tu. Ile ya kitu kimoja kinacholivuka ndiyo iliyonikalisha chini. Ulikuwa mstari wa uzi mwekundu, umetoka katikati ya makaratasi na kuingia mahali pasipoandikwa, na moyo wangu ulidunda kweli, kwa sababu mwilini mwangu hilo bado ni kosa. Tangu hapo najua picha zangu zinahusu nini, hata nisipojua zinaonyesha nini.

Lako halitakuwa pambizo. Mama mmoja niliyekaa naye meza moja alikuwa mshonaji, na kila kipande chake kilipandana na jirani yake kwa kiasi kilekile, kama anayeacha nafasi ya mshono. Kijana mwingine hakuwahi kuweka kitu chochote katikati. Alipoambiwa, alibisha hadi tulipotandaza zake zote.

Kuiga bila kumezwa

Iga. Anayekuambia usiige amesahau alivyojifunza kuandika. Ila chagua kazi moja, si msanii mzima, na uiulize maswali matatu: nafasi imegawanywaje, vitu vimeshikanaje, nini kimeachwa nje. Chukua jibu moja tu ulipeleke kwenye vifaa vyako. Ukichukua yote matatu unatengeneza nakala, na nakala hukufundisha subira, lakini haikuonyeshi mkono wako.

Wako wawili ninaowarudia. Romare Bearden wa Marekani alikuwa mfanyakazi wa ustawi wa jamii katika jiji la New York kwa miongo kadhaa, akichora usiku na mwisho wa wiki. Kolaji, yaani picha za vipande vilivyobandikwa, zilizompa jina alizianza miaka ya 1960, akiwa amevuka umri wa miaka 50. Unaelewa kwa nini karani mstaafu anamtaja. Kwake nimeazima jinsi nyuso zinavyojengwa kwa vipande vya ukubwa usiolingana, jicho kubwa na mkono mkubwa zaidi.

Wa pili ni El Anatsui, mzaliwa wa Ghana aliyefanya kazi miaka mingi Nsukka, Nigeria. Mwishoni mwa miaka ya 1990 aliokota mfuko wa vifuniko vya chupa, na baada ya muda akaanza kuvifanya bapa na kuviunganisha kwa waya wa shaba hadi vikawa shuka kubwa za chuma zinazoning'inia. Lakini ukitazama kazi zake za awali za mbao, utakuta tayari anapanga vipande vingi vyembamba kimoja kando ya kingine. Kifaa kilibadilika, tabia ya mkono ikabaki. Kwa hiyo usiogope kubadilisha kifaa ukishachoka nacho. Kinachorudi kitakufuata.

Kujua imekwisha

Sina kipimo cha hakika. Nina mazoea. Naipiga picha kwa simu, naigeuza nyeusi na nyeupe; ikiwa yote ni kijivu kimoja, haijakwisha. Naipindua juu chini. Ikianguka upande mmoja, haijakwisha. Kisha naigeuzia ukutani siku tatu. Nikiirudia, kitu cha kwanza kinachoniudhi ndicho cha kurekebisha, na hicho tu. Nikianza kutafuta cha kuniudhi, imekwisha. Nimeua picha nyingi kwa kipande kimoja cha ziada kuliko kwa kipande kimoja pungufu.

Vanishi ya akriliki ipake baada ya siku kadhaa, tabaka mbili nyembamba. Ukiwa na pasteli ya mafuta au mkaa mwingi, acha vanishi, tumia kioo.

Na sasa mgongo, kama nilivyoahidi. Kwenye ile karatasi ya nyuma naandika kila kitu kabla sijasahau: namba, ubao, gundi, karatasi zilikotoka, kilichoharibika. Picha ikibanduka baada ya mwaka, najua gundi gani ya kulaumu. Ikinipendeza, naweza kuirudia njia yake. Na ukizisoma kadi 30 za nyuma mfululizo, utaona mkono wako waziwazi zaidi kuliko ukizitazama zile mbele 30. Iliyo mezani leo nyuma yake pameandikwa hivi:

Namba 114. Plaibodi, milimita 4. Mgongo: bahasha ya kaki. Mbele: fomu mbili, kaboni moja, fotokopi ya dirisha la nyumbani (nimesahau tena kuigeuza). Jeli isiyong'aa. Bluu, udongo, nyeupe. Pambizo kulia, sentimita 4, uzi unavuka mara mbili. Kona ya chini ilibanduka, imebandikwa upya. Imegeuziwa ukutani tangu juzi.